Fokasi Inapogoma Chini ya Maji: Dalili na Vyanzo kwa Wapiga Picha wa Viumbe Wadogo

Picha iliyoharibika huwa na ushahidi wa kilichoiharibu. Kabla hujabadilisha mpangilio wowote wa kamera, ikuze kwenye kioo cha nyuma mpaka uone chembe za mchanga moja moja, kisha tafuta sehemu iliyo kali. Mara nyingi ipo: nyuma ya jicho, kwenye mguu mmoja wa kaa, au kwenye ncha ya tumbawe lililo mbele. Ukiipata, ujue kamera imefanya kazi yake na tatizo ni umbali, yaani wewe umesogea au kiumbe amesogea. Usipoipata popote, chanzo ni kingine kabisa, na hata ukihangaika kusogea mbele na nyuma hutakiondoa. Na kama kamera imekataa hata kupiga, hilo nalo lina njia yake ya kuchunguzwa.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi wetu tunairuka. Picha ikitoka na ukungu tunaongeza taa, tunalaumu maji, tunaanza kuulizia bei ya lenzi nyingine. Miamba yetu kuanzia Watamu hadi Mafia imejaa konokono wasio na gamba, uduvi wa kwenye anemoni (kiumbe laini wa mwambani mwenye minyiri) na farasi bahari, na natamani sana tuwe wengi zaidi tunaowapiga picha sisi wenyewe. Kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni fokasi, yaani kuifanya lenzi itoe sura kali, na fokasi inarekebishika.

Lenzi inakwenda mbele na nyuma, haishiki

Unabonyeza shata nusu, mota inakoroma, sura inakuja na kupotea. Anza na umbali. Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 hufika ukubwa halisi wa kitu (sura yake kwenye sensa inalingana na kitu chenyewe) kitu kikiwa kama sentimita 30 kutoka kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Umbali huo haupimwi kutoka kwenye kioo cha mbele. Ukiondoa urefu wa lenzi yenyewe, kati yake na kiumbe hubaki sentimita 13 hadi 15, na kasha la kuikinga kamera na maji linakula sehemu ya hizo. Lenzi ya milimita 60 hubakiwa na sentimita chache tu. Halafu kuna maji. Kupitia kioo bapa cha kasha, maji huisogeza sura ya kitu karibu kwa robo ya umbali wake, kwa hiyo lenzi hugoma wakati wewe, kwa mazoea ya nchi kavu, bado unaona una nafasi. Rudi nyuma sentimita tano, ujaribu tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Lisipoisha, fikiria swichi ya mipaka. Lenzi nyingi za makro zina swichi pembeni inayoizuia fokasi isizunguke eneo lote. Ya Canon EF 100mm L, kwa mfano, ina sehemu ya mita 0.3 hadi 0.5, sehemu ya 0.5 kwenda mbali, na sehemu ya kote. Ukiisahau kwenye 0.5 kwenda mbali, kisha ukafunga kasha, mbizi yote hutashika kitu cha karibu, wala swichi yenyewe huifikii. Iwe jambo la mwisho unaloligusa kabla ya kufunga.

Lenzi ya ziada inayovaliwa nje ya kasha ina mtego wake. Yenye nguvu ya +10 haioni mbali: kikomo chake ni kama sentimita 10 kwa hesabu ya hewani, ambazo majini huwa kama 13. Ya +5 hufika mara mbili ya hapo. Nje ya kikomo hicho mota itazunguka mpaka mtungi uishe bila kupata kitu. Ukiwa umeivaa, usiiachie mota kazi ya kutafuta. Sogea taratibu mpaka sura ijitokeze yenyewe ikiwa na ukungu mdogo, ndipo ubonyeze. Kiumbe akikataa kusogelewa hivyo, ivue.

Umbali ukiwa sawa na bado haishiki, sasa angalia mwanga na alama. Fokasi otomatiki hutafuta mahali ambapo giza na mwanga vinakutana, na kwenye ngozi laini ya rangi moja hapati pa kushika hata fundi wa kamera. Weka nukta ya fokasi kwenye ukingo: pembe ya konokono, mstari wa rangi, mpaka kati ya jicho na uso. Kamba wanaopitisha mwanga ni kesi ngumu zaidi, maana kamera huwapita na kushika anemoni iliyo nyuma yao. Tafuta jicho au pete ya rangi kwenye mguu, na umpige kwa pembe ambayo nyuma yake kuna maji matupu.

Tochi ya fokasi ni ya lazima, hata saa sita mchana kukiwa na jua kali, kwa sababu kiumbe yuko chini ya kivuli cha kamera yako mwenyewe. Ifunge juu ya kasha katikati, mwanga mpana na wa wastani. Tochi kali yenye duara dogo huchoma mchanga mweupe na kufuta zile alama ambazo kamera inazitafuta.

Chembechembe ndani ya maji nazo hushikwa badala ya kiumbe. Wakati wa masika, Mto Rufiji unaposhusha tope kuelekea upande wa Mafia, hili halikwepeki kabisa. Punguza eneo la fokasi libaki nukta moja ndogo, ukaribie zaidi ili maji ya katikati yawe machache. Lakini mara nyingi tope limetoka kwenye mapezi yako. Elekeza uso kule mkondo unakotoka na miguu uiweke juu, ili utakachotibua kiende nyuma yako.

Mgongo mkali, jicho limefifia

Picha nyingi hufia hapa, na hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu.

Kwa kamera yenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24, ukimpiga kiumbe kwa ukubwa wake halisi, eneo lote lililo kali kutoka mbele hadi nyuma ni kama theluthi moja ya milimita kwenye f/2.8 (hii ni namba ya tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linakuwa dogo), milimita moja kwenye f/8, na milimita mbili kwenye f/16. Milimita mbili ni unene wa sarafu. Konokono mwenye urefu wa sentimita tatu akikuelekea uso kwa uso hawezi kuingia wote ndani ya sarafu, hata ungekuwa na vifaa gani. Kwa hiyo swali la kwanza ni la uamuzi: sarafu hiyo unailaza wapi? Kwa konokono asiye na gamba, kwenye zile pembe mbili za kichwani. Kwa kamba na kaa, kwenye jicho. Kwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kwenye jicho pia, hata kama meno ndiyo yanayokuvutia. Picha ya mkunga yenye meno makali na jicho lenye ukungu haimtazami mtu. Ukitaka mwili mzima uwe mkali, mpige ubavuni, kamera ikiwa sambamba na mwili wake, na uhakikishe sambamba hiyo kwa kuangalia kichwa na mkia kwenye kioo kabla ya kubonyeza.

Ukishaamua, tafuta kilichokutoa kwenye uamuzi wako. Angalia tena picha. Je, ukali umeangukia mbele ya jicho, kwenye kikucha au kwenye sharubu? Hapo kamera ndiyo iliyochagua, maana eneo la fokasi lilikuwa pana, na kamera hupenda kilicho karibu nayo. Tumia nukta moja na uihamishe wewe mwenyewe mpaka juu ya jicho. Usishike fokasi katikati ya fremu halafu ukageuza kamera kupanga picha upya. Kwa unene wa milimita mbili, mgeuko mdogo tu umeshakutoa.

Je, ukali unaangukia mara mbele, mara nyuma, bila mpango? Mwili wako unayumba. Kwenye mpangilio wa AF-S kamera hushika mara moja na kufunga. Ukichelewa nusu sekunde kati ya kushika na kupiga, umeshasogea kuliko unene wa eneo kali. Una njia mbili. Ya kwanza ni AF-C, inayofuatilia umbali bila kukoma, nukta ikiwa juu ya jicho. Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha kupindua ndani (mirrorless), naipa njia hii nafasi ya kwanza mpaka kufikia ukubwa halisi. Kupita hapo, ukiwa na lenzi ya ziada, nairudia njia ya pili, ya zamani: kuyumba kwa makusudi.

Kuyumba kunakwenda hivi. Iondoe fokasi kwenye kitufe cha shata na kuipeleka kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON. Amua kwanza ukubwa unaoutaka wa kiumbe kwenye fremu, shika fokasi mara moja kwa kitufe hicho, kisha kiachie. Kuanzia hapo lenzi haibadiliki tena. Kinachobadilika ni umbali wako. Sogeza kamera mbele polepole kwa viwiko, pole kabisa, ukitazama ukali ukitambaa juu ya mwili wa kiumbe: ncha ya sharubu, uso, jicho. Piga ukali unapokaribia kufika kwenye jicho, kwa sababu kidole na kamera vina uchelewaji wao. Piga tatu nne mfululizo katika mwendo ule ule. Usitarajie zote zitoke. Ukipata moja kamili katika kila mfululizo umefanya kazi nzuri.

Pumzi ina nguvu zaidi ya viwiko. Ukivuta hewa mwili unapanda, ukiitoa unashuka, na mabadiliko hayo yanazidi kwa mbali milimita mbili zako. Piga kwenye utulivu wa kawaida mwishoni mwa kutoa hewa. Usizuie pumzi: mzamiaji mwenye mtungi akibana pumzi huku akipanda hata kidogo, anahatarisha mapafu yake, na mtu aliyezama ndani ya kioo cha kamera haoni kwamba anapanda. Kama huwezi kuelea mahali pamoja bila kupunga mikono, weka kamera pembeni kwa mbizi kadhaa, rekebisha uzito wa mkanda na jaketi la hewa. Utashika picha kali nyingi zaidi baada ya hapo kuliko baada ya kununua lenzi. Kijiti cha chuma kinaweza kukutuliza ukikichomeka kwenye mchanga mtupu. Kwenye matumbawe usiegemee kabisa, hata kwa kidole, hata kwa picha moja tu.

Kisha bahari yenyewe. Wavuvi wetu wanajua jambo ambalo vitabu vya kamera haviandiki: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka sana, karibu na mita nne katika pwani ya Unguja, na mkondo unaofuatana nayo haukuachi utulie. Panga mbizi za viumbe wadogo kwenye siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na ndani ya siku hiyo lenga saa ambayo maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Kusi ikivuma, miamba ya mashariki ya Unguja hupigwa na mawimbi; upande wa mjini huwa na afadhali.

Pakiwa na mvuto wa mawimbi unaokupeleka na kukurudisha, usipambane nao. Kila mvuto una mahali unapokoma kabla ya kugeuka. Shika fokasi yako, funga, na usubiri ukomo huo. Hapo wewe na kiumbe mnasimama kwa pamoja muda mfupi. Mwaka 2020 wanasayansi walimtangaza farasi bahari mdogo sana, wa sentimita mbili hivi, kutoka Ghuba ya Sodwana huko Afrika Kusini: wa kwanza wa kundi lake kujulikana katika Bahari ya Hindi. Anaishi mahali penye mawimbi mazito, akishikilia mwani na mwamba wenye mchanga. Waliompiga picha waliweza kufanya hivyo ndani ya mvuto huo huo unaotufanya sisi tufunge kamera.

Hakuna kilicho kali popote

Umeikuza picha, umetafuta kona zote, hakuna hata chembe ya mchanga iliyo kali. Acha kufikiria umbali. Chunguza tundu la lenzi kwanza. Ukiwa karibu, tundu unalolisoma silo linalofanya kazi: kwenye ukubwa halisi, f/16 hufanya kazi kama f/32, na mwanga unaopenya kwenye upenyo mdogo kiasi hicho hutawanyika na kulainisha picha yote. Anayefika f/22 au f/29 akitafuta eneo kali pana zaidi analipata kweli, lakini analipata likiwa limefifia kote. Kwa sensa kamili mimi hubaki kati ya f/11 na f/18. Kwa sensa ndogo hushuka zaidi. Zingatia pia kwamba kamera hazisomi sawa. Nikon huonyesha tundu linalofanya kazi, ndiyo maana lenzi yao ya milimita 105 ya f/2.8 husomeka f/4.8 ukikaribia kabisa. Canon huonyesha namba ya kawaida. Ukipewa ushauri wa namba na mwenzako mwenye kamera ya aina nyingine, muulize kwanza yake inasoma ipi.

Pili, mtikisiko. Flashi huwaka kwa muda mfupi sana na hugandisha kila kitu, ila kama mwanga wa jua au wa tochi unaingia kwa wingi kwenye picha, kiumbe huandikwa mara mbili: mara moja kali kwa flashi na mara moja kwa ukungu. Dalili yake ni kivuli kinachofuata ukingo wa mwili. Weka shata kwenye 1/160 au 1/200 ya sekunde, shusha ISO (wepesi wa sensa kuitikia mwanga), na upige picha moja flashi zikiwa zimezimwa. Ikitoka karibu nyeusi kabisa, umefaulu.

Tatu, kioo. Kama ukungu umekaa katikati ya picha na pembeni kuna afadhali, tazama mbele ya kasha. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi; ukifunga kasha ndani ya boti, kisha likachomwa na jua, unyevu huo utageuka umande kwenye kioo kwa ndani mara likigusa maji. Fungia chumbani penye kiyoyozi au hewa kavu, weka pakiti za kufyonza unyevu, na ulifunike kwa taulo lenye maji safarini. Viputo vinavyong'ang'ania kioo kwa nje baada ya kuruka majini vifute kwa kidole. Lenzi ya ziada ifungulie ndani ya maji na uivalishe tena humo, la sivyo hewa hubaki imenaswa kati yake na kioo. Na ukiwa karibu na mikoko au mahali maji yasiyo na chumvi yanapotokea chini ya ufukwe, maji mawili yanayochanganyika hutikisa sura yote. Hapo hakuna dawa ila kuhama.

Wapo pia wanaoona ukungu ambao picha haina. Rekebisha gurudumu dogo la kitundu cha kutazamia ukiwa umevaa miwani ya kuzamia. Waliopita miaka arobaini na wanaovaa miwani ya kusomea nchi kavu waweke lenzi za kusomea ndani ya miwani ya kuzamia, kwa sababu hakuna mbinu niliyoitaja itakayofaa kama kioo cha nyuma hukisomi.

Kamera ndogo zinazozama

Olympus TG na ndugu zake zinafika karibu mpaka sentimita moja kutoka kwenye lenzi zikiwekwa kwenye mpangilio wa hadubini, na wengi wetu tumeanzia hapo. Zikigoma kushika, chanzo cha kawaida ni kwamba mpangilio huo haujawashwa. Ukiwa umewashwa na picha bado haifai, umekaribia mno mpaka kasha limeziba mwanga. Rudi nyuma na ukuze kwa zumu. Mpangilio wa kuunganisha picha nyingi za fokasi tofauti unafaa kwa polipi za matumbawe, vile viumbe vidogo vinavyolijenga tumbawe, zisizohama. Kwa konokono anayetembea ndani ya mvuto wa mawimbi utapata kiumbe mwenye pembe nne.

Kiumbe hakai

Ukimsogelea kwa kasi atajikunja, na picha ya kiumbe aliyejikunja haina jicho la kulenga. Njoo kutoka chini, usawa wake, kivuli chako kisimpite. Uduvi anayeishi juu ya jongoo bahari huzunguka upande wa pili kila unapomfuata. Tulia upande mmoja na mara nyingi hurudi mwenyewe. Usimgeuze jongoo. Usiku tumia tochi nyekundu kushika fokasi, kwa kuwa kamba na kaa wengi huijali kidogo kuliko nyeupe. Akiendelea kujificha baada ya flashi chache, mwache.

Umejaribu yote na kosa ni lile lile

Kama ukali unaangukia nyuma ya nukta kila mara, kwa kiasi kile kile, pima kamera nyumbani. Jaza karai maji, laza rula chini yake kwa mshazari, weka sarafu ya shilingi 200 ikiwa wima kando ya alama ya sentimita kumi. Chovya mbele ya kasha, shika fokasi kwenye maandishi ya sarafu, piga mara kadhaa bila kutumia mkono: kasha likae juu ya matofali. Sarafu ikiwa kali, kamera ni nzima na chanzo kimebaki kwenye mwili wako au kwenye maji. Rula ikiwa kali kwenye sentimita kumi na nusu huku sarafu imefifia, na kamera yako ni ya kioo cha kupindua, ingia kwenye menyu ya kurekebisha fokasi ya lenzi, ubadilishe hatua moja moja na upige tena. Kamera zisizo na kioo hicho hupima kwenye sensa yenyewe, na kwao kosa la namna hii ni nadra. Likitokea na likarudi kila unapojaribu, ndipo umpelekee fundi, pamoja na zile picha za rula.